Kibanda cha jasho: Nilichojifunza nilipoalikwa kwenye ibada isiyo yangu

BINTI yangu alirudi kutoka shuleni akiwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa, na kabla hajavua viatu akaniuliza: "Mama, Kookum anatualika Jumamosi kwenye kibanda cha jasho. Tutaenda?"

Tunaishi Winnipeg, mji ulio katikati ya Canada. Ndio mji wenye wenyeji wa asili wengi kuliko mji mwingine wowote nchini humo. Kookum ni neno la huku, maana yake bibi. Huyu ni bibi wa rafiki yake darasani, Mwanishinaabe wa zaidi ya miaka 70, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akimpokea binti yangu kila Jumatano ninapochelewa kazini.

Mume wangu aliposikia aliweka kijiko chini. "Huo si ndio ushirikina tuliofundishwa kuukimbia?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu zuri. Nimekulia Morogoro, na kila nilipobanwa na mafua bibi yangu alinifunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto yenye mchaichai na majani ya mwarobaini. Kwa hiyo nikamjibu mume wangu kirahisi: "Baba, ni kupiga nyungu tu, na sala kidogo."

Nilikosea, na Kookum ndiye aliyenisahihisha.

Hakuna kiingilio

Siku mbili kabla ya Jumamosi nilikwenda kwake kuuliza nilete shilingi ngapi, yaani dola ngapi. Alicheka, kisha akawa makini.

"Ibada haina bei, mwanangu," alisema. "Lete tumbaku kidogo, uifunge kwenye kitambaa. Utampa mzee anayeongoza. Akiipokea, amekubali kubeba haja yako."

Kisha akaanza kuniuliza kama nesi wa kliniki. Je, una mimba? Una presha au kisukari? Unatumia dawa yoyote? Una ugonjwa wa moyo? Akaniambia pia kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake haingii. Si kwamba ni mchafu, alisema, bali wanaamini wakati huo mwili wake una nguvu na ibada yake wenyewe.

Nilitakiwa kuvaa sketi ndefu, kuvua hereni na mkufu kwa sababu madini hushika moto, kunywa maji ya kutosha tangu asubuhi, na kuacha simu kwenye gari. Picha hazipigwi.

Kuhusu binti yangu mwenye miaka 13, hakusema aingie wala asiingie. "Ingia wewe kwanza," aliniambia. "Mama hampeleki mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajapajua."

Kwa nini wanailinda

Nilimuuliza kwa nini masharti ni mengi hivyo. Akanielekeza kwenye ile fulana ya chungwa.

Watoto wa Canada huivaa Septemba 30 kila mwaka kuwakumbuka watoto wa wenyeji wa asili waliopelekwa kwenye shule za bweni, shule za serikali zilizoendeshwa zaidi na makanisa. Inakadiriwa watoto 150,000 walipita katika shule hizo kwa zaidi ya miaka 100, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Humo walikatwa nywele, walikatazwa lugha zao, na wengi hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Kookum alichukuliwa akiwa na miaka 6.

Nje ya shule hali haikuwa tofauti sana. Tangu miaka ya 1880 sheria ya Canada ilianza kupiga marufuku baadhi ya sherehe zao za kidini, ikaongezwa makali mwaka 1895, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1951. Wazee walilazimika kufanya ibada kwa kujificha porini.

Halafu, baada ya kunyang'anywa, wakaanza kuuziwa vyao. Wageni walichukua kibanda cha jasho wakakifanya biashara ya "kusafisha mwili". Mwaka 1993 wawakilishi wa Walakota, watu wa jamii nyingine yenye ibada kama hii, walitoa tamko kali dhidi ya wanaouza mambo yao matakatifu.

Biashara hiyo imeua pia. Oktoba 2009, karibu na Sedona, Arizona nchini Marekani, mhamasishaji mmoja maarufu asiye mwenyeji wa asili aliwajaza watu zaidi ya 50 katika kibanda kimoja. Walikuwa wamelipa maelfu ya dola kila mmoja. Watatu walifariki dunia. Mwaka 2011 mahakama ilimkuta na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nilikosea, si nyungu. Alijibu kwamba hapo ndipo anapoogopa zaidi. Hatukugombana, lakini hatukukubaliana. Jumamosi niliondoka na binti yangu, yeye akabaki.

Mgeni apewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kazi saa hiyo hiyo. Nilibeba kuni, binti yangu akasaidia kumenya viazi vya chakula cha baadaye.

Kibanda kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, kimo chake kinanifika kifuani. Ni fito laini zilizopindwa na kufungwa, juu yake mablanketi na turubai, katikati shimo. Nje moto mkubwa ulikuwa unachoma mawe hadi yakawa mekundu. Mawe hayo wao huyaita mababu.

Mama mmoja kutoka Congo tuliyeongozana naye anatumia vidonge vya presha. Alisema ukweli, akaambiwa akae nje karibu na mlinzi wa moto. Hakuna aliyemwona mpungufu. Aliombewa kama sisi tulio ndani.

Tuliingia kwa kutambaa. Kookum alinieleza kwamba kibanda ni tumbo la mama dunia, hivyo huingii ukiwa umesimama kwa majivuno. Mawe yakaingizwa, yakanyunyiziwa majani ya mwerezi, mlango ukafungwa. Giza lile sijawahi kuliona hata kijijini usiku usio na mwezi.

Mzee akamwaga maji. Joto lilipanda kutoka chini likanipiga usoni.

Ibada ina duru nne, na kila baada ya duru mlango hufunguliwa. Nyimbo na maombi ya watu niliyoyasikia humo sitayaandika hapa, si yangu kuyatoa. Nitasema tu la kwangu. Zamu yangu ilipofika nilianza kuomba kwa Kiingereza, maneno yakaniishia. Kookum akanong'ona: "Omba kwa lugha ya mama yako."

Nikaomba kwa Kiswahili, kwa sauti. Niliomba kwa Mungu yule yule ninayemwomba Jumapili. Nilimtaja bibi yangu wa Morogoro, nikamtaja mume wangu, nikamtaja binti yangu.

Duru ya pili moyo ulianza kwenda mbio na kichwa kikawa chepesi. Nilitaka kuvumilia nisiaibike. Lakini tulikuwa tumeambiwa mapema: ukizidiwa, sema "ndugu zangu wote", na mlango utafunguliwa mara moja. Nikasema. Ukafunguliwa. Nikatambaa nje, nikalala kwenye nyasi baridi huku binti yangu akinishikia kikombe cha maji.

Niliona haya. Mzee alipotoka mwishoni alinipa mkono akasema nimefanya vizuri kusikiliza mwili wangu.

Swali la Kookum

Wakati wa kula, binti yangu aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Mama, nilikusikia kutoka nje. Ulitaja jina langu. Ulisema nini?"

Tulihamia Canada akiwa na miaka 4. Kiswahili chake kimebaki "shikamoo", "njoo ule" na "acha". Nilikuwa nimemwombea mtoto wangu kwa moyo wote, naye hakuelewa hata sentensi moja.

Kookum alisikia. Hakunisema kwa ukali, ila maneno yake bado ninayo. "Mimi lugha yangu nilinyang'anywa nikiwa na miaka 6," alisema. "Nilianza kuitafuta tena nikiwa na miaka 50, humo kibandani. Ya mtoto wako kaichukua nani?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeichukua. Niliiacha mwenyewe, kwa sababu ya zamu za usiku, uchovu, na kudhani kwamba Kiingereza kitamsaidia zaidi.

Ukialikwa wewe au mwanao

Mzazi mwenzangu, huenda uko mbali na Winnipeg. Lakini watoto wetu wanasoma na kucheza na watu wa mila na imani nyingine, na mwaliko unaweza kukufikia. Haya ndiyo ningependa niyajue mapema:

Kwanza, subiri kualikwa, usijialike. Uliza ni nani anaongoza, alifundishwa na nani, na jamii yake inamtambua.

Pili, ukiona bei ya kiingilio kwenye tangazo, kaa mbali. Kuleta tumbaku, chakula au kuni ni heshima, si malipo.

Tatu, usifiche ugonjwa wala mimba. Ukiwa na presha, moyo, kisukari au unatumia dawa, muulize daktari kwanza. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo asiingie bila idhini ya mzazi na ya mzee anayeongoza.

Nne, hakikisha unaruhusiwa kutoka wakati wowote. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa si ishara ya kiroho, ni mwili unaoomba msaada. Anayekuzuia kutoka hafai kuongoza.

Tano, zungumza na mwenzako nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kama imani yako haikuruhusu kuingia, sema kwa adabu. Kuna kazi nje: kuni, maji, chakula.

Sita, ukitoka usiende kuanzisha cha kwako. Kualikwa mara moja hakukufanyi mwenyeji.

Mume wangu bado hajakubali kuingia, na simlazimishi. Lakini mwezi uliofuata Kookum alipohitaji kuni, yeye ndiye aliyekwenda na shoka, akala chakula chao akarudi na mabaki.

Binti yangu hajaingia bado. Kookum anasema wakati wake utafika, akitaka. Kwa sasa, kila usiku kabla ya kulala tunaomba kwa Kiswahili. Anakosea ngeli, anachanganya "yangu" na "wangu". Juzi alimtaja bibi yangu wa Morogoro kwa jina, bila kuuliza linatamkwaje.