Wasomaji wangapi? Namna ya kusoma takwimu za tovuti

Kila tunapojadili lugha ya kuchapishia maandishi yetu kwenye intaneti, hoja moja hurudi: tazameni takwimu, wageni wa tovuti karibu wote ni wa Kifaransa, basi kwa nini tujichoshe kuandika kwa Kiswahili? Hoja hii ina nguvu kwa sababu inakuja na namba, na mbele ya namba wengi wetu wa kitivo cha lugha hunyamaza. Mimi nadhani hatuna sababu ya kunyamaza. Jedwali la takwimu ni matini kama matini nyingine. Kabla ya kulitolea hukumu, tuulize maneno yake yana maana gani.

Nianze na jambo tunalolijua darasani. Chukua sentensi hii: «Mtoto anasoma, watoto wanasoma, na mtoto analala.» Ukihesabu herufi, utapata 40. Ukihesabu kila neno linapotokea, utapata maneno 7. Ukihesabu maumbo tofauti, utapata 6, kwa kuwa «mtoto» limetokea mara mbili. Ukihesabu leksimu, zinabaki 4: mtoto, soma, na, lala. Hakuna aliyekosea kati ya hao wanne. Kila mmoja amehesabu kitu chake. Atakosea yule atakayesema sentensi hii ina leksimu 40.

Tovuti huhesabiwa kwa ngazi kama hizo. Ukifungua ukurasa mmoja, kivinjari chako huiomba seva mafaili mengi: matini yenyewe, kila picha, faili la mpangilio wa rangi na herufi. Kila ombi huandikwa katika daftari la seva pamoja na saa na anwani ya IP. Maombi hayo ndiyo «hiti», na ni kama herufi zetu 40. Ukurasa wenye picha 30 huzaa hiti zaidi ya 30 kwa msomaji mmoja tu. Ngazi ya pili ni kurasa zilizofunguliwa: hapo tunahesabu matukio, kama yale maneno 7. Ngazi ya tatu ni ziara, yaani mfululizo wa kurasa zilizofunguliwa na mtu katika kikao kimoja. Katika Google Analytics, kwa kawaida ziara huhesabiwa kuwa imekwisha zikipita dakika 30 bila msomaji kufanya lolote. Akirudi baadaye, ni ziara mpya.

Ngazi ya nne huitwa «wageni» au «watumiaji», na hapa ndipo neno linapotudanganya. Tukisikia «mgeni» tunafikiri mtu. Programu haimwoni mtu. Mara nyingi inaona kuki, yaani alama ndogo iliyoachwa ndani ya kivinjari. Mwanafunzi anayesoma asubuhi kwa simu na jioni kwa kompyuta ya maktaba ni wageni wawili. Akifuta kuki na kurudi, ni wa tatu. Programu imehesabu maumbo, ikashindwa kuyarudisha kwenye leksimu yake. Kinyume chake pia hutokea: ndugu watatu wanaotumia simu moja ni mgeni mmoja. Na mtu akipakua makala mara moja kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima, seva imeona upakuaji mmoja tu. Hapa kwetu, ambako megabaiti zina bei, makala nyingi husafiri kwa njia hiyo.

Tena, si kila anayefungua ukurasa ni binadamu. Roboti za injini za utafutaji hupita usiku na mchana. Mfano mzuri wa uangalifu ni Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Takwimu za kila makala yake ziko wazi kwa yeyote, kuanzia Julai 2015, na zimetenganishwa: watumiaji kando, roboti zinazojitambulisha kando, na tangu 2020 programu zinazojifanya watu nazo huwekwa kando. Daftari la kawaida la seva halifanyi utengano huo lenyewe. Ni lazima mtu aufanye.

Muda wa kusoma nao una mtego wake. Google Analytics ya zamani, iliyoacha kukusanya takwimu za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, ilipima muda kwa kutoa saa ya tendo la kwanza katika saa ya tendo la mwisho. Aliyefungua makala moja, akaisoma nusu saa bila kubofya popote, kisha akafunga, aliandikiwa sekunde sifuri. Msomaji makini kuliko wote alionekana kama mtu aliyekimbia mlangoni.

Sasa nirudi kwenye lugha. Safu inayoitwa «lugha» katika takwimu hizi haitaji lugha anayoisoma mgeni, wala lugha anayoongea nyumbani. Inataja lugha iliyochaguliwa katika mipangilio ya simu au kivinjari chake. Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Wengi wetu tumesomeshwa kwa Kifaransa na simu zetu zinatusemesha Kifaransa. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi mwenye simu ya namna hiyo, akisoma makala ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, ataandikwa «Kifaransa». Basi safu hiyo inaeleza simu, na kuitumia kama ushahidi dhidi ya Kiswahili ni sawa na kukadiria lugha ya mtu kwa kutazama kadi yake ya uchaguzi imeandikwa kwa lugha gani.

Sisemi kwamba wasomaji wa Kiswahili ni wengi. Huenda ni wachache. Nasema swali hilo lina namba yake, na namba hiyo haiko katika safu ile. Anayetaka jibu atenganishe kurasa za Kiswahili na za Kifaransa, aondoe roboti, kisha alinganishe makala kwa makala. Tovuti yenye makala 100 za Kifaransa na 3 za Kiswahili haiwezi kulinganishwa kwa jumla. Tuulize kila makala moja ilifunguliwa mara ngapi, katika miezi ileile. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kutofautisha tukio, umbo na leksimu, na watu hao wamejaa katika kitivo hiki. Mjadala ujao wa lugha ya kuchapishia ukifika, tuombe jedwali hilo kwanza, ndipo tupige kura.