Masta ya Kriminolojia: Ada Si Gharama

Wengi wanaotaka kusoma kriminolojia baada ya shahada ya kwanza huweka ada za vyuo vitatu kwenye karatasi, wakachagua iliyo chini kuliko zote au yenye jina kubwa kuliko yote. Hesabu ya maana ni nyingine: hadi siku utakapokabidhiwa cheti utakuwa umetoa kiasi gani, pamoja na mshahara uliouacha?

Kabla ya hesabu, hakikisha hii ndiyo kozi yako. Anayetamani maabara, vinasaba na alama za vidole atafute sayansi ya uchunguzi wa jinai. Kriminolojia ni ndugu wa sosholojia: inauliza kwa nini watu wanavunja sheria, polisi na mahakama wanawatendea nini, na gereza linafaa kwa lipi. Haikufanyi wakili.

Uingereza inavutia kwa sababu masta inakwisha ndani ya mwaka mmoja, na taaluma yenyewe ina mizizi kule. Cambridge ina taasisi ya kriminolojia tangu 1959. Ada kwa mgeni ni ya kukaa chini kwanza: kwenye pauni 20,000 au zaidi katika vyuo vingi, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu za Kenya. Kisha yanakuja yasiyoandikwa kwenye tangazo la chuo. Maombi ya viza yanapita pauni 500. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, lakini kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 inarefushwa kidogo mbele na nyuma, unalipishwa mwaka na nusu: pauni 1,164, karibu laki mbili za Kenya, kabla hujapanda ndege. Kuna kipimo cha kifua kikuu. Kuna pia fedha za kujikimu za miezi tisa, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi hata nje ya London, ambazo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Wapo wanaozichanga kwa wazazi na wajomba ili zionekane tu. Zikirudi kwa wenyewe, mwanafunzi anatua Manchester mikono mitupu.

Tangu Januari 2024 anayesoma masta ya darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto. Viza ya kubaki na kutafuta kazi, ambayo imekuwa ya miaka miwili, itakuwa ya miezi 18 kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027. Na wenye ndoto ya kuingia polisi ya kule wajue kwamba inataka mtu asiye na ukomo wa ukaazi. Viza hiyo haitoshi.

Kwa hiyo Uingereza nenda kwa ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa ada, nauli na posho, haina ukomo wa umri, inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nyumbani miaka miwili. Askari magereza au ofisa wa ustawi wa jamii ana hoja nzuri zaidi pale kuliko aliyemaliza chuo juzi.

Kusoma kwa masafa kunafuta viza, tozo na pango, na mshahara unaendelea kuingia. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wake wa masafa. UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, nayo ni njia, ila ina ngazi iliyojificha: masta ya huko inataka shahada ya "honours" kwanza. Mtanzania mwenye shahada ya miaka mitatu ajiandae kwa mwaka wa ziada, na auweke kwenye hesabu.

Nyumbani, ada nzima ya chuo cha umma kwa kawaida haifiki robo ya ile ya Uingereza. Adui ni tasnifu. Msimamizi hapatikani, kibali cha utafiti kinachelewa, na ukitaka kuhoji wafungwa unahitaji pia ruhusa ya magereza. Na vyuo vingi hutoza kila muhula unaozidi. Masta ya miaka miwili inageuka ya minne. Dawa ni mada isiyosubiri mlango wa mtu. Hukumu za mahakama ziko bure mtandaoni kwenye Kenya Law na TanzLII, na mtu anaweza kuandika tasnifu nzuri kuhusu adhabu za wizi wa mifugo bila kukanyaga gereza.

Uamuzi wangu: uliye kazini, soma nyumbani au kwa masafa. Usiye na kazi, usikope wala kuuza kiwanja kwa ajili ya kozi hii. Omba ufadhili, ukikosa omba tena. Na kabla ya kulipa hata senti, muulize mwajiri kwa maandishi kama cheti hicho kitakupandisha daraja la mshahara. Akijibu hapana, hilo nalo ni jibu.