Jukwaa la Mjomba

Msomaji mpenzi, usinicheke ukisikia kwamba mtu wa makamo yangu, ndevu zimeshaingia mvi, amemaliza miezi miwili akitafuta jukwaa la stesheni lenye urefu wa shibiri mbili. Lilikuwa la mjomba wangu, nduguye mama, ambaye ujanani alikuwa gadi wa gari la moshi katika reli ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Sasa macho yanamwishia. Daktari amemwambia wazi, naye akasema, "Kabla hayajazimika, nataka niione stesheni yangu."

Stesheni yenyewe ni ndogo, upande wa Voi. Mwanawe aliyeko Uingereza akamletea gari la moshi la mfano, la kipimo cha 1 kwa 76, reli zake upana wa milimita 16.5. Tukalitandika juu ya ubao barazani. Injini ikaenda, mabehewa yakafuata. Kilichokosekana ni jukwaa.

Mikono ya Mjomba hutetemeka, kwa hiyo yale ya karatasi ngumu ya kukata na kugundisha, kama ya Metcalfe, hayakutufaa. Tulitaka yaliyo tayari. Kampuni kama Hornby huuza ya plastiki: vipande vilivyonyooka, vilivyopinda, na miteremko ya kutia mwisho. Kijana akatutumia ya namna hiyo, mazuri, yana matofali yake ubavuni.

Mjomba akapitisha kidole ukingoni, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hili si letu. Letu halikufika goti. Abiria alishuka kwa vidato, na kazi yangu ilikuwa kuwapa mkono kina mama wenye watoto na vikapu. Hapa mtu atoka behewani kama atokaye sebuleni. Mkono wangu ni wa nini?"

Nikachukua rula na kalamu. Jukwaa la kawaida la Uingereza huinuka milimita 915 juu ya reli. Gawanya kwa 76, wapata 12. La Mjomba, chini ya goti, lingekuwa 5 hivi. Milimita saba! Lakini sisi washairi twaijua habari hii: mshororo ukizidi mizani moja, hata asiyejua kuhesabu husikia umechechemea.

Nikauliza huku na huku. Nikaambiwa Ujerumani na Uswisi majukwaa mengi ni mafupi kuliko ya Uingereza, na kwamba Bemo hutengeneza mifano ya reli za Uswisi zenye upana wa mita moja, kama reli yetu ya zamani. Lau tungalijua, tungalianzia huko. Ila vyombo hivyo ni vya kipimo cha 1 kwa 87, na mtu wa 87 akisimama kando ya behewa la 76 huonekana kijana asiyebaleghe. (Na tazama mambo: treni ya SGR iliyoanza 2017 hupita kwenye reli ya milimita 1,435. Gawanya kwa 87, utaangukia 16.5. Hiyo mpya ingekaa juu ya reli za kawaida za kipimo hicho bila taabu. Mjomba hataki hata kuisikia.)

Kungoja mzigo mwingine kutoka ng'ambo hatukuweza. Ndipo nilipogundua, nilipokigeuza kipande, kwamba ndani ni kitupu: ni kuta na paa tu. Nikakipeleka Mji wa Kale kwa jirani yangu sonara, mwenye ule msumeno mwembamba kama uzi. Akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Kisha akapiga mstari, akakata kuta kwa chini milimita saba, kipande baada ya kipande, na malipo akakataa. Kwenye kona tulikisogeza nje kidogo, maana behewa refu likipinda tumbo lake hukwaruza ukingo.

Baada ya swala ya alasiri nikaliweka. Kijana alikuwa ametuma pia watu wadogo waliovaa makoti ya baridi. Mke wangu akampaka mmoja rangi nyeusi, akawa na buibui. Mjomba akapapasa ukingo, akapapasa kidato cha behewa, akamshika yule mwanamke kwa ncha za vidole.

"Gadi yuko wapi?" akauliza.

Nikampa.

"Msogeze," akasema. "Hapo mbali. Hamfikii."