Mti wa Krismasi si takataka

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yuko mgeni mmoja ambaye huingia katika nyumba zetu kila Desemba, akapambwa, akapigwa picha na kushangiliwa na watoto, lakini ifikapo Januari hapewi jembe, bali huburutwa hadi nje ya lango na kuachwa huko kama mkosaji. Mgeni huyo ni mti wa Krismasi.

Desturi ya mti huu ilianzia Ujerumani na kutufikia sisi kupitia kwa wamishonari na walowezi. Wazungu hutumia miti ya nchi zao za baridi. Sisi wa Nairobi na miji ya nyanda za juu tumeridhika na msaipresi, aghalabu tawi lake au mche mchanga unaouzwa kando ya barabara. Nao msaipresi wenyewe ni mgeni mwenye historia ya ajabu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini wataalamu wa mimea huuita Cupressus lusitanica, yaani 'wa Ureno', kwa sababu aliyeuelezea katika karne ya 18 aliujua kwa miti iliyokuwa imepandwa Ureno. Kwetu uliletwa wakati wa ukoloni, ukawa ua wa shamba, mbao za paa na kinga ya upepo. Mkulima aliyeshuhudia vidukari wakiishambulia misaipresi kuanzia mwaka 1990, ua mzima ukigeuka rangi ya kahawia, anajua vyema kwamba huu si mti wa kuchezewa.

Naungama kwamba nami si msafi katika jambo hili. Mwaka mmoja, baada ya sikukuu, niliukokota mti wetu hadi nje ya lango, nikiamini kwamba vijana wanaozoa taka mtaani petu wangeuchukua. Walikuja, wakabeba mifuko, wakauacha mti. Mkuu wao aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, sisi tunalipwa kwa mfuko, na mti hauingii mfukoni." Ulikaa pale juma zima ukikauka. Jioni moja watoto wakautia kiberiti. Majani ya msaipresi yana mafuta, na yakikauka moto wake hauna subira. Kufumba na kufumbua ulikuwa umeurukia ua wa jirani yangu, mama mmoja mjane. Tuliuzima kwa ndoo za maji na mchanga. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ungalinipa mti huo ningaliutandaza chini ya migomba yangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Kwa kuwa riziki yangu hutokana na kuyachunguza maneno, nililitafakari tukio lile kwa njia ya lugha. Kitenzi 'kutupa' hutuhadaa. Anayetupa hudhani kwamba kitu kimetoweka, ilhali kimehama tu: kimeondoka kwake, kikaenda kwa mwingine. Nalo neno 'jaa', mahali pa kutupia taka, linafanana kwa umbo na kitenzi 'kujaa'. Sidai kwamba asili yake ni moja, lakini jijini Nairobi maana hizo mbili zimekutana. Jaa la Dandora, lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na miaka mingi baadaye malori yalikuwa bado yakimwaga taka pale. Kando yake wanaishi watu, na Mto Nairobi unapita karibu. Moshi wa jaa hilo huvutwa na watoto ambao huenda nyumbani kwao hapajawahi kusimamishwa mti wa Krismasi hata mara moja. Je, ni haki wao walishwe moshi wa karamu ambayo hawakualikwa?

Aidha, mti unaooza juu ya ardhi si sawa na mti unaozikwa chini ya rundo la taka. Ule wa kwanza hurudi kuwa rutuba. Ule wa pili, kwa kukosa hewa, huozeshwa na viini vinavyotoa gesi ya methani, ambayo uwezo wake wa kuipasha dunia joto, ukipimwa kwa muda wa miaka 100, huupita ule wa kaboni dioksaidi kwa takriban mara 28. Mti ni uleule. Kinachoubadilisha kuwa baraka au balaa ni mahali tunapoupeleka.

Basi tufanyeje? Kwanza, mti uvuliwe mapambo yote: nyuzi zinazometameta, taa, nyaya na ile 'theluji' ya bandia, kwa maana vitu hivyo haviozi, na mapambo huweza kuwekwa hadi mwaka mwingine. Pili, matawi yakatwekatwe kwa panga na kutandazwa chini ya migomba, miparachichi au maua, mbali kidogo na shina. Januari na Februari ni miezi ya jua kali katika sehemu nyingi za nchi, na matandazo hayo huhifadhi unyevu hadi mvua za masika zianze mwezi Machi. Tatu, vijiti vyembamba vichanganywe na maganda ya jikoni na samadi katika shimo la mboji. Vitachelewa kuoza, lakini vitaoza. Nne, shina lifanywe kigingi cha ua, au likaushwe liwe kuni. La kutahadhari ni mifugo: baadhi ya miti ya jamii hii inajulikana kuharibu mimba za ng'ombe, kwa hivyo tusiyafanye majani yake kuwa lishe.

Huenda msomaji akauliza: je, si afadhali mti wa plastiki? Ni afadhali iwapo utatumiwa miaka mingi. Lakini mti huo aghalabu ni mchanganyiko wa plastiki na chuma ambao ni vigumu kuutenganisha na kuurejeleza. Anayeununua leo na kuutupa baada ya miaka miwili amefanya kosa kubwa kuliko langu. Lililo bora zaidi ni mche ulio hai ndani ya mkebe. Baada ya sikukuu utolewe nje, unyweshwe maji Januari na Februari, kisha upandwe masika yanapoanza. Nchi iliyotangaza mnamo Desemba 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 haiwezi mwezi huohuo kuwa inakata vilele vya miche kwa ajili ya furaha ya majuma mawili. Msaipresi uliokatwa kilele aghalabu huota pacha, na mbao nzuri hazipatikani tena humo.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mwenye nyumba peke yake. Anayeishi ghorofani hana migomba wala shimo la mboji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza, na imezipa serikali za kaunti wajibu wao. Jijini New York, wakazi hupeleka miti yao katika bustani za umma kila Januari, ikasagwa na kutandazwa chini ya miti ya jiji. Jambo hilo halihitaji utajiri wa Marekani. Uwanja mmoja katika kila mtaa, majuma mawili ya Januari, vijana wachache wenye mapanga na malipo ya haki, na miti yetu yote itakuwa imepata kazi badala ya kupata kaburi.

Mwaka uliofuata nilimpelekea mama yule mti wetu, umekwisha kukatwakatwa. Alinipokea kwa kicheko, akaniuliza iwapo nimeleta na mchanga wa kuzimia. Masika yalipopita, aliniletea mkungu wa ndizi. Mgeni wangu alikuwa hatimaye amepewa jembe, naye amelima.