Pesa za Watoto Zilipolipa Deni la Simu

Desemba iliyopita tulikuwa Kitale, tumesimamisha hema letu karibu na stendi ya matatu, tukiwafundisha wateja kusoma stetimenti za simu zao. Siku kama hizo maswali huwa ni yale yale: PIN imesahaulika, pesa zimeenda kwa namba isiyo yake, laini imefungwa. Kisha akaja dada mmoja, akangoja watu wapungue, akasema: "Naomba mnisaidie kuwaonyesha watu wetu kwamba mimi si mwizi."

Tulimpa kiti.

Kwao ni Chwele, Bungoma. Alisoma Kitale, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja Diani, kule kusini mwa Mombasa ukishavuka feri ya Likoni. Anapanga chumba Ukunda, mji ulio nyuma ya zile hoteli za ufukweni. Ni Kenya hii hii, lakini alituambia miezi ya kwanza alijiona kama amehamia nchi nyingine. Huko yeye ni mbara. Akisema "nyumba yenye iko pale," watoto wa jirani wanaanguka kicheko, wanamsahihisha: "Nyumba iliyo pale, dada!"

Ni watoto hao hao waliomwingiza katika kazi ya kujitolea. Mama mwenye nyumba alimwomba amsaidie mtoto wake kusoma. Wiki iliyofuata wakaja watatu, baadaye wakafika 26. Hukutana Jumamosi alasiri, watoto wakishatoka chuoni (huko chuo ni madrasa, asidhani mtu ni chuo kikuu), kwenye baraza ya yule mama. Mama huyo hukaa hapo mpaka mwisho, na hakuna mtoto anayeitwa ndani peke yake. Tulipomuuliza kama ni sheria waliyojiwekea, alisema mama ndiye aliyeiweka siku ya kwanza, kabla hata ya kuleta mkeka.

Sasa tuje kwenye pesa. Shule ya msingi ya umma haina karo tangu Januari 2003, lakini mtoto bado anahitaji daftari, penseli, sare na chakula cha mchana. Dada yetu aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha marafiki na jamaa wa Kitale na Bungoma. Watu 22 wakatuma, huyu mia mbili, yule elfu moja, wote kwa namba yake ya kawaida. Jumla ikawa shilingi 11,350.

Alipofungua simu jioni, salio lilikuwa 8,170.

Wasomaji wengine mmeshajua kilichotokea. Wiki hiyo alikuwa amelipa kodi ya nyumba kwa overdrafti ya simu. Ukiwa na deni hilo, pesa zozote zinazoingia kwenye laini hukatwa kwanza. Mfumo haujui kama ni mshahara, mchango wa harusi au pesa za madaftari ya watoto. Shilingi 3,180 zilikuwa zimeshakwenda kabla hajashika hata kalamu moja.

Alinyamaza. Alipanga kufidia mwisho wa mwezi, na kweli alifidia. Ila katikati ya hapo mtu mmoja kwenye kikundi alipiga hesabu ya madaftari yaliyoonekana kwenye picha, akauliza, "Hizi ni za elfu kumi na moja?" Mnajua vikundi vya WhatsApp. Kufika asubuhi kulikuwa na jumbe mia moja na kitu, na mama yake mzazi alikuwa ameulizwa sokoni Chwele kama binti yake amejenga.

Tulikaa naye karibu saa nzima. Tulimwonyesha namna ya kuitisha stetimenti ya miezi mitatu, tukatia alama kila mchango, kila makato ya deni, na siku mshahara ulipoingia akanunua vitu vilivyobaki. Kwa bahati, duka la vitabu la Ukunda alililipa kwa namba ya till, kwa hiyo jina la duka limo kwenye stetimenti na tarehe yake. Angetoa pesa kwa wakala akalipa taslimu, angebaki na maneno matupu tu.

Kesho yake tukapanda naye matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma mjini. Hatukuwa tumepanga kwenda, tusidanganyane, lakini alituomba.

Mkutano ulikuwa wa watu kumi na wanne. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, mzee ambaye kila mtu pale humwita Khocha. Dada alisoma stetimenti mstari kwa mstari. Alipofika kwenye makato ya deni sauti ilimpotea. Khocha akamwambia, "Soma, mama. Deni si aibu. Kuficha ndiko kulikotuumiza." Mmoja aliguna. Mwingine akakiri kwamba mchango wa mazishi aliokuwa akiukusanya mwaka jana ulikatwa vivyo hivyo, na yeye hakumwambia mtu.

Ndipo wakaanza kuuliza maswali ya maana. Pesa zipite wapi? Wakakubaliana kufungua akaunti ya kikundi ambayo pesa hazitoki mpaka watu wawili waidhinishe, na laini ya mtu isipokee tena shilingi ya watoto. Chakula cha mchana kitalipwa moja kwa moja kwa Paybill ya shule, kwenye sehemu ya akaunti inaandikwa namba ya usajili ya mtoto. Vitabu vitalipwa kwa till ya duka. Na kabla ya kubonyeza, mtu asome jina linalotokea. Lisipokuwa la shule au la duka, asimame hapo hapo.

Kulikuwa na ubishi kuhusu picha. Wachangiaji walitaka kuona nyuso za watoto. Tulisema tunachokijua: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Wakaafikiana kwamba risiti inatosha.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kitale alipendekeza wajenge makao ya watoto huko huko Ukunda. Wazo la moyo mwema, lakini serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia. Tena, kama dada alivyosema, hawa 26 wana kwao. Wanachokosa ni madaftari. Namba ya 116, ya bure, akaiandika ubaoni kwa ajili ya siku mtoto yeyote atakapoonekana yuko hatarini, awe wa Ukunda au wa Bungoma.

Khocha alikuwa na swali la mwisho: shilingi 37 zilizobaki ziko wapi? Dada akafungua simu, akamwonyesha. Zilikuwa ada za kutuma. Mzee akaziandika daftarini, akauliza basi la Mombasa linaondoka saa ngapi.