Akili Inayocheua na Furaha Ndogo za Kila Siku

Katika zahanati nyingi, mgonjwa husema tu: "Nina mawazo." Kauli hiyo fupi hubeba mengi: usingizi uliopotea, kichwa kinachouma, moyo unaokwenda mbio, na swali lile lile linalorudi kila usiku bila jibu. Ng'ombe hucheua majani ili yapate kumfaa mwilini. Akili inayocheua jambo moja haipati lishe, huchoka tu.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema wa Marekani alieleza kwamba kuiwaza huzuni na sababu zake mfululizo, pasipo kutenda lolote, huirefusha huzuni yenyewe. Katika miaka ya 1970, Peter Lewinsohn alikuwa ameuona upande wa pili: mwenye sonona huacha mambo yaliyokuwa yakimpendeza, na kadiri anavyoyaacha ndivyo hali yake inavyozidi kuwa nzito. Yeye na mwenzake Douglas MacPhillamy waliandaa orodha ya mambo 320 ya kupendeza, mengi yakiwa ya kawaida kabisa.

Hapo ndipo ilipo thamani ya furaha ndogo. Hazilipi deni wala hazifuti msiba; hukatiza kucheua huko kwa kuupa mwili na hisi kazi nyingine. Kumwagilia mchicha, kunywa chai barazani na jirani, kusuka ukili, kusikiliza taarabu: hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kupangiwa saa. Asiyeingoja hamu ndiye huipata, kwani aghalabu hamu huja baada ya kutenda. Siku ikiwa nzito, hata dakika 10 zatosha.

Mhudumu wa afya naye ana nafasi yake. Kauli ya "Usiwaze sana" humfanya mgonjwa ajilaumu hata kwa kuwaza. Heri kumwuliza: "Mama, ni jambo gani ulilokuwa ukilipenda, nawe umeliacha?" Kisha wachague moja pamoja, siku yake na saa yake, na wakutanapo tena waulizane lilikwendaje.

Hata hivyo, furaha ndogo si mbadala wa matibabu. Huzuni ikidumu majuma 2 au zaidi, au mtu akishindwa kula, kulala au kufanya kazi, na afike kituo cha afya. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo.