Mchezo Huu Unachezwa Mbele ya Nani?

Msikilizaji, kuna hoja isiyokwisha katika makanisa ya hapa nchini. Ngoma ikishika kasi na kwaya ikaanza kucheza, baadhi ya waumini hupiga vigelegele, wengine hukunja uso. Wazee hulalamika kwamba kanisa limegeuzwa ukumbi wa dansi. Vijana nao husema wanalazimishwa kumsifu Mungu kama watu walio msibani. Wapo waliokwisha kuhama kanisa kwa ajili hiyo tu. Juma hili tuitazame hoja hiyo bila jazba.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, kinasimulia jinsi Mfalme Daudi alivyocheza Sanduku la Agano lilipokuwa likiingizwa Yerusalemu. Mkewe Mikali alimchungulia dirishani, akamdharau moyoni. Kwake yeye, mfalme alikuwa amejivunjia heshima machoni pa vijakazi. Daudi alimjibu kwamba alicheza mbele za Bwana. Mchezo ulikuwa ule ule mmoja. Walichotofautiana ni swali hili: ulichezwa mbele ya nani?

Wamisionari wengi waliokuja Afrika waliiona ngoma kwa macho ya Mikali. Waliihesabu kuwa jambo la kipagani, wakaizuia mlangoni. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, mambo yalianza kubadilika rasmi Desemba 4, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati juu ya Liturujia, ikifungua njia kwa desturi za mataifa kuingia katika ibada. Mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Waliofika mbali zaidi ni majirani zetu wa Kongo. Maaskofu wa huko, akiwamo Kadinali Joseph Malula wa Kinshasa, waliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule. Katika Misa hiyo, wakati wa wimbo wa Utukufu, padri na watumishi huizunguka altare wakicheza, na waumini hucheza pale pale walipo. Vipaji navyo hupelekwa kwa kucheza. Lakini inaposomwa Injili, watu huketi na kutulia, kama wanaomsikiliza mkubwa wao akinena. Yupo hata mtangazaji, ambaye kazi yake ni kuwaandaa watu kwa ibada. Desemba 1, 2019, Papa Fransisko aliongoza Misa ya namna hiyo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Vatikano.

Msikilizaji, hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, mchezo una mahali pake na wakati wake. Hauingii kila mtu anapojisikia. La pili, hakuna watazamaji.

Hili la pili ndilo linalotushinda. Katika baadhi ya makanisa kwaya hujitokeza na sare mpya, vikuza sauti vikafunguliwa hadi mwisho, na waumini wakakaa kama waliokata tiketi. Wengine huinuka kuwatunza wachezaji kwa noti. Hapo Mikali angekuwa na haki ya kuuliza. Hata hivyo, tusidhani kwamba kusimama wima ndiyo heshima. Kwaya isiyotikisa hata bega inaweza nayo kuimba ili isifiwe kwa sauti zake nzuri.

Kwa hiyo, badala ya kupiga marufuku ngoma au kuiachia tu, viongozi wa ibada, wazee na walimu wa kwaya wangekaa pamoja wakajiuliza: Mchezo huu unaendana na sehemu gani ya ibada? Bibi aliyeketi benchi la nyuma anaweza kushiriki, walau kwa makofi? Na watu wakirudi nyumbani, watazungumza habari za Mungu, au za mchezaji?

Ushirika utakaoweza kuyajibu maswali hayo hautakuwa na sababu ya kuwafukuza vijana wake, wala kuwaudhi wazee wake. Hayo ndiyo ya juma hili, msikilizaji.